Mama ana kansa adimu katika njia ya hewa, nasi watoto tumemwambia ni pumu. Je, tuendelee kunyamaza?

BARUA

Mpendwa Mama Mshauri,

Ninakuandikia kutoka Lubumbashi, komini ya Katuba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi na kifungua mimba katika familia ya watoto watano. Tangu baba yetu afariki, mama ndiye aliyeishika nyumba. Ana umri wa miaka 53, na kabla nguvu hazijampungukia alikuwa akiuza unga wa mahindi na samaki wakavu katika soko la komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, akiondoka alfajiri na kurudi jioni bila kulalamika.

Kikohozi chake kilianza miaka kadhaa iliyopita. Kilikuwa kikavu, na usiku kifua kilikuwa kikipiga filimbi. Kwenye kituo cha afya walimpima makohozi wakitafuta kifua kikuu, hawakukiona. Picha ya eksirei nayo ilionekana safi, basi tukaambiwa ni pumu. Alipewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, akaitumia kwa uaminifu, lakini haikumpa nafuu ya kueleweka. Baadaye alianza kutema makohozi yenye damu, na akawa hawezi kutembea kutoka barabarani hadi mlangoni bila kusimama. Ndipo daktari bingwa akaagiza skana, kisha fibroskopi, ile kamera nyembamba inayopitishwa puani hadi ndani ya njia ya hewa. Walikuta uvimbe sehemu ya chini ya trakea, pale bomba kuu la hewa linapokaribia kugawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Walichukua kipande kidogo, kikapelekwa kupimwa nje ya nchi, na majibu yakachelewa sana.

Majibu yalipofika, daktari alituita mimi na kaka yangu ndani, mama akabaki kwenye benchi. Karatasi, iliyoandikwa kwa Kifaransa, inasema ni karsinoma ya adenoidi kistiki, kansa ya aina ya tezi za mate. Daktari alisema ni ugonjwa wa nadra sana, kwamba unakua polepole, na kwamba tiba yake ya kwanza ni upasuaji unaofanywa na mtu aliyezoea kukata na kuunganisha trakea, jambo ambalo hapa kwetu hawezi kulifanya. Alitaja pia tiba ya mionzi baada ya upasuaji. Alisema tusikawie.

Jioni hiyo tulikutana kwa baba mdogo, na wakubwa wakaamua kwamba mama asiambiwe kuwa ni kansa. Sababu yao ni baba. Yeye aliambiwa na daktari, mbele yetu sote, kwamba ana kansa ya ini. Alirudi nyumbani, akalala akiutazama ukuta, akaacha kula, na haukupita muda tukamzika. Katika familia yetu kila mtu anaamini kwamba maneno yale ndiyo yaliyomuua. Kwa hiyo mama aliambiwa kwamba pumu imeotesha nyama ndani ya bomba la hewa, na kwamba nyama hiyo lazima ikaondolewe nchi ya nje.

Shangazi, dada yake baba, aliposikia habari za tezi za mate ndani ya kifua, alisema hilo haliwezi kuwa jambo la kawaida. Mate yanakaa mdomoni; yakionekana katika mapafu, ni mtu aliyeyapeleka huko, mtu aliyekula au kunywa pamoja na mama. Anataka mama apelekwe kwanza kwenye chumba cha maombi, na tayari imezungumzwa habari ya kufunga kwa siku kadhaa.

Jambo lililonifanya nikuandikie ni lupango letu, yaani kiwanja chenye nyumba yetu. Kaka yangu anayefanya kazi Kolwezi amepata mnunuzi. Hati bado ina jina la baba, lakini mama ndiye anayeishi humo pamoja na wadogo zetu wawili, mmoja akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na mnunuzi anataka mama naye aweke sahihi. Kaka anapendekeza tumwambie kwamba ni karatasi za kodi. Mimi nimekataa, naye ameniambia kwamba nikimweleza mama ukweli naye akakata tamaa kama baba, damu yake itakuwa juu yangu.

Wiki iliyopita mama aliniita chumbani, akafungua sanduku lake, akaanza kunionyesha vitenge: hivi ni vyako, hivi ni vya mdogo wako. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, ile karatasi ya daktari iko wapi. Nilimjibu kwamba imebaki hospitalini. Imo katika mkoba wangu, katikati ya madaftari ya wanafunzi.

Mama Mshauri, ni haki kumficha mtu ugonjwa wake kwa ajili ya kumlinda? Ni busara kuuza lupango kwa ajili ya ugonjwa ambao hatuuelewi? Na je, moshi wa makala, yaani makaa, aliopikia miaka yote ndio uliomletea haya, au ni kitu kilicho katika damu yetu, ambacho sisi watoto nasi tutakirithi?

Binti wa Katuba

JIBU

Mwanangu,

Umebeba mambo matatu kwa pamoja: ugonjwa ambao hakuna mtu katika ukoo wenu aliyewahi kuusikia, siri iliyozaliwa na msiba wa baba yako, na lupango ambalo ndilo paa la mama na wadogo zako. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na naona kwamba siri na lupango vyote viwili vinauegemea ugonjwa wenyewe. Familia imeamua kana kwamba kansa zote ni moja, na kana kwamba kansa ya mama ni ile ile iliyomchukua baba. Kwa hiyo niruhusu nianzie hapo, ingawa najua kwamba swali linalokunyima usingizi ni lingine.

Mate hayakuenda mapafuni, wala hayakupelekwa na mtu. Kila binadamu, tangu kuzaliwa, ana tezi ndogo sana ndani ya ukuta wa trakea na wa bronki, yale matawi makubwa ya hewa yanayoingia katika mapafu. Kazi yake ni kutoa ute unaolainisha njia hiyo na kunasa vumbi. Kwa umbile tezi hizo zinafanana sana na tezi ndogo za mate za mdomoni, na kwa kuwa zinafanana, uvimbe unaoweza kuota katika zile unaweza pia kuota katika hizi. Ndiyo sababu karatasi inataja tezi za mate. Uvimbe wa namna hii haufiki hata mmoja katika kila uvimbe mia unaoanzia mapafuni. Aina zinazoonekana zaidi ni mbili: karsinoma ya mukoepidamoidi, ambayo mara nyingi huwapata vijana na hata watoto, na ambayo ikiwa ya daraja la chini na ikaondolewa yote kwa kawaida hairudi, na hii ya adenoidi kistiki, ambayo ndiyo ya mama yako.

Kuhusu moshi wa makala, elewa kwamba kansa hii, tofauti na kansa nyingi za mapafu, haijaonyeshwa kufungamana na sigara, na sina msingi wowote wa kukuambia kwamba mbabula ya mama, jiko lake la makaa, ndiyo iliyoileta. Kuhusu kurithi, mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba katika nyingi ya kansa za aina hii vipande vya kromosomu mbili hukatika na kuunganishwa vibaya, na jeni mbili zinazoitwa MYB na NFIB zikajikuta zimeshikana. Kosa hilo hutokea ndani ya seli za uvimbe wakati wa maisha ya mtu. Hazaliwi nalo, wala hawapi watoto wake. Jambo hili nakuomba ulieleze nyumbani mapema iwezekanavyo, kwa sababu hofu ya damu mbaya huzaa lawama kati ya upande wa baba na upande wa mama, na lawama hizo hazimsaidii mgonjwa.

Umeandika pia, bila kulalamika, kwamba kwa miaka kadhaa aliitwa mgonjwa wa pumu. Hilo limewapata wagonjwa wengi wa uvimbe wa trakea katika nchi nyingi. Hewa inayopita mahali palipobanwa hupiga filimbi kama ya pumu, na picha ya kawaida ya kifua huweza kuonekana safi kwa sababu uvimbe umejificha nyuma ya kivuli cha moyo na mifupa. Kinachoweza kumwamsha daktari ni dawa za pumu kutosaidia, na baadaye damu katika makohozi.

Daktari amewaambia kwamba inakua polepole, na hiyo ni kweli, lakini polepole yake isieleweke kuwa ni wepesi. Zamani madaktari waliuweka uvimbe huu katika kundi moja na mwingine, wakaliita kundi zima adenoma za bronki, wakidhani hauna madhara makubwa, mpaka walipowafuatilia wagonjwa kwa miaka wakaona sivyo. Kansa hii hutambaa chini ya utando na kufuata mishipa ya fahamu, kama mchwa ndani ya ukuta wa udongo: unaona tundu dogo upande huu, kumbe njia yake imekwisha kufika mbali. Ndiyo maana mpasuaji huweza kukata hadi kiasi anachothubutu, na bado maabara ikakuta seli kwenye ukingo wa kipande alichokitoa. Kuna kikomo cha kukata, kwa sababu kwa mtu mzima, kwa makadirio ya kawaida, sehemu inayokatwa haipiti nusu ya urefu wa trakea kama ncha mbili zitaweza kuunganishwa bila kuvutana. Katika hali hiyo mionzi hutumika kushughulikia kilichobaki. Dawa za kemikali zinazodungwa kwa kansa nyingine hazina nguvu kubwa hapa. Na hata pale ambapo upasuaji hauwezekani, mionzi, pamoja na kuipanua njia ya hewa kwa kutumia kamera, imewapa wagonjwa miaka ya kupumua na kuishi. Kuupunguza uvimbe kwa kamera peke yake hufungua njia, lakini hakuondoi kilichomo ndani ya ukuta. Mtu akikuambia kwamba hiyo ndiyo tiba kamili ya bei nafuu, mwulize tena.

Jambo moja zaidi, nalo ndilo lililonifanya nifikiri sana kuhusu siri yenu: ugonjwa huu huweza kurudi baada ya miaka kumi, hata kumi na mitano, mahali pale pale au ndani ya mapafu. Mtu aliyetibiwa huhitaji kuangaliwa kwa maisha yake yote.

Sasa tumtazame baba. Sitathubutu kuwaambia ninyi mlioona kwa macho yenu kwamba hamkuona. Mtu anaweza kweli kuvunjika moyo kwa habari. Lakini kansa ya ini, hasa hapa kwetu, mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha kuenea, na ugonjwa wenyewe huondoa hamu ya kula, humlaza mtu, na huweza kumchukua kwa muda mfupi, awe ameambiwa au hakuambiwa. Je, inawezekana kwamba maneno ya daktari na mwisho wa ugonjwa vilikutana tu katika majuma yale yale, na familia, kwa uchungu wake, ikavifunga kwa kamba moja? Sikuulizi ili unijibu mimi. Pengine ni swali la kumwuliza baba mdogo siku ya utulivu, kwa heshima, kwa sababu yeye naye alimpoteza kaka yake, na huenda uamuzi wake wa kunyamaza ni namna yake ya kuomboleza.

Siri inayomlinda mgonjwa kwa majuma machache ni kitu kimoja. Siri mnayotaka kuibeba ninyi ingelazimika kudumu muda mrefu zaidi. Mama akipasuliwa, atauona mshono wake. Akihitaji mionzi, kwa kawaida atakwenda siku tano kila juma kwa takribani majuma sita, katika jengo ambalo neno kansa limeandikwa mlangoni, akikaa kwenye benchi na wagonjwa wanaoulizana wanaumwa nini. Baadaye ataitwa kuangaliwa mwaka baada ya mwaka. Nani kati yenu atakuwa pembeni yake kila mara ili kuwazuia wauguzi wasiseme? Na siku atakapoambiwa na mgeni, ataanza kujiuliza ni mambo gani mengine watoto wake wamemficha.

Halafu kuna vitenge. Umeandika juu ya sanduku lile kana kwamba ni jambo la pembeni, lakini mimi nilisimama hapo. Mwanamke anayegawa vitenge vyake na kuuliza karatasi bila kumtazama mtoto wake huenda amekwisha kuelewa zaidi ya mnavyodhani. Huenda pia ananyamaza ili kuwalinda ninyi, kama ninyi mnavyonyamaza ili kumlinda yeye. Ninaweza kukosea, maana simjui mama yako. Pengine ni hofu ya safari tu, au hofu ya kisu. Lakini kama nimeona sawasawa, basi amebaki peke yake na jambo ambalo kichwani mwake ni baya kuliko lilivyo, kwa kuwa mfano pekee wa kansa anaoujua ni wa mume wake.

Njia zilizo mbele yako ninaziona kadhaa, na kila moja ina hatari yake. Unaweza kuendelea kunyamaza mpaka upasuaji upite. Huenda safari ikawa nyepesi na kaka yako akatulia, lakini daktari wa huko atataka ridhaa ya mama mwenyewe kabla ya kumkata, na hawezi kuipata kwa hadithi ya pumu. Unaweza kumweleza yote kwa siku moja. Hapo hofu ya kaka yako si ya kupuuzwa, kwani wako watu ambao habari ikiwajia yote kwa pamoja huwalemea, na mama ana kumbukumbu ya ukuta ule ambao baba aliutazama. Unaweza pia kumwuliza yeye anataka kujua kiasi gani. Baadhi ya wazee husema wazi: niambieni yote. Wengine husema: mweleze mwanangu, mimi niambieni tu ninywe nini na niende wapi. Jibu hilo la pili nalo ni uamuzi wake, na likitoka kinywani mwake, kunyamaza kwenu kunabadilika maana kabisa. Hatari ya njia hii ni kwamba ukiisha kuuliza huwezi kurudi nyuma, na ni lazima uwe tayari kwa jibu lolote. Wengine humwomba daktari alizungumze jambo hili, mtoto mmoja akiwa ameketi karibu, ili maswali ya tiba yapate majibu papo hapo. Ukiichagua njia hiyo, mwombe daktari mapema ataje pamoja na jina la ugonjwa kwamba unakua polepole na kwamba una tiba, ili neno kansa lisifike masikioni mwa mama likiwa peke yake.

Kuhusu karatasi za kodi, hapo sitazungukazunguka. Sheria ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, humpa mjane haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, na ninyi watoto mna sehemu yenu kama warithi. Sahihi iliyopatikana kwa udanganyifu inaweza kuwaletea kesi ninyi na mnunuzi, na fedha zikazuiliwa wakati ambapo mama anazihitaji. Naamini kaka yako hana nia mbaya. Anaona muda unakwenda, yuko mbali, na anataka kufanya kitu. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya kumweleza habari za sheria.

Je, kuuza ni busara? Siwezi kukuamulia, lakini ninaona kwamba mmefika kwenye bei kabla ya kufika kwenye maswali. Hamjajua bado kama uvimbe unaweza kukatwa wote. Hamjajua kama mionzi itahitajika, na mtu atakayemsindikiza mama atalala wapi kwa majuma hayo. Fedha zote zikiishia kwenye upasuaji, mionzi italipwa na nini, na safari za kuangaliwa katika miaka ijayo? Mwombeni daktari wenu awatumie wapasuaji wa nje picha za skana na maelezo ya fibroskopi kabla mgonjwa hajasafiri, kwa sababu mara nyingi mpasuaji mzoefu huweza kusema kwa picha hizo kama anaona njia. Ombeni pia maabara iwarudishie kile kipande kilichohifadhiwa katika nta, pamoja na vioo vyake vya darubini, msafiri navyo, ili wengine wavisome upya. Kwa ugonjwa adimu kama huu, jicho la pili linafaa. Na kumbukeni kama mama aliwahi kutolewa uvimbe mdomoni, chini ya taya au karibu na sikio, hata zamani sana, kwa kuwa kansa ya aina hii ikianzia kwenye tezi za mate za mdomoni huweza kufika mapafuni baada ya miaka mingi, na hilo lingebadilisha mpango wote. Uvimbe mmoja ndani ya trakea hauelekezi huko, lakini kumwangalia mdomo na shingo ni jambo dogo.

Kwa upande wa mahali, mkipita mpakani Kasumbalesa kwa barabara mnafika Lusaka, Zambia, ambako hospitali ya kansa ilianza kutoa tiba ya mionzi mwaka 2007. Kama mama anasikia Kibemba, kama wengi wa Lubumbashi, hatakuwa bubu huko. Dar es Salaam iko mbali zaidi, lakini Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hutoa mionzi, na huko mama angeeleza maumivu yake mwenyewe kwa Kiswahili bila mkalimani, jambo ambalo mimi nalithamini kuliko familia nyingi zinavyolithamini. Wengine hupelekwa Afrika Kusini au India kwa ajili ya upasuaji wenyewe. Popote mtakapoelekea, ulizeni kabla ya kuondoka kama yupo mtu aliyezoea upasuaji wa trakea, na kama mashine za mionzi zinafanya kazi kwa wakati huo.

Kati ya kuuza na kukosa fedha kuna mambo mengine ambayo barua yako haikuyataja. Je, sehemu ya lupango inaweza kupangishwa, au kukatwa na kuuzwa kipande tu? Je, likelemba (mchango wa kupokezana) ya mama na wenzake wa sokoni, na jumuiya yenu ya kanisa, wamekwisha kuombwa? Ninajua kwamba kuomba kunahitaji kutaja ugonjwa, na hapo tena siri inawafungia mlango. Inawezekana pia kwamba mama, akijua yote, atakataa lupango lisiuzwe. Hilo lisikufanye uamini haraka kwamba amekata tamaa ya kuishi. Mjane anaweza kutaka kupona na wakati huo huo akataka mtoto wake amalize chuo kikuu akiwa na mahali pa kulala. Mwacheni aeleze, kisha mhesabu naye.

Shangazi msimfukuze. Anampenda wifi yake, na anatafuta sababu ya jambo lisiloeleweka. Mweleze habari za tezi kwa maneno mepesi kama nilivyokueleza, na mwombe awe wa kwanza kumwombea mama wakati tiba ikiendelea. Maombi hayagombani na mpasuaji. Lakini kufunga kwa siku kadhaa, kwa mtu aliyekwisha kudhoofika na ambaye pumzi ni kazi nzito kwake, kunaweza kumnyima nguvu anazozihitaji kwa upasuaji, na hilo mchungaji anaweza kuelezwa na daktari mwenyewe. Wako wagonjwa ambao watu wengine hufunga kwa niaba yao.

Msidanganywe pia na neno polepole katika kupanga tarehe. Ukuaji wa taratibu unawapa majuma ya kuuliza na kupanga vizuri, hauwapi mwaka wa kusubiri mnunuzi mwenye bei nzuri zaidi, kwa sababu bomba la hewa lililokwisha kubanwa linaweza kuzibwa ghafula na ute au damu. Mama akianza kuhema akiwa amekaa tu, au pumzi yake ikitoa sauti kali anapovuta hewa ndani, au akatema damu nyingi, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, na aliyempeleka aseme mlangoni kwamba ana uvimbe katika trakea. Wadogo zako walio naye usiku wanapaswa kuujua ukweli huo. Hawawezi kumsaidia kwa kusema ni pumu, kwa sababu atapewa dawa ya pumu na kuambiwa asubiri.

Zungumza na kaka yako kabla ya kuzungumza na mama, ikiwezekana ana kwa ana, si kwa simu ya Kolwezi inayokatika katikati ya hasira. Usimwombe akubaliane nawe. Mwulize ni nini hasa anachokiogopa, na mwambie nawe unachokiogopa. Nyote wawili mlikuwapo baba alipolala akiutazama ukuta.

Lakini mama anaweza kukutangulia. Anaweza kukuuliza tena juu ya karatasi usiku huu, kabla hamjakubaliana lolote na kabla miadi ya daktari haijapangwa. Huhitaji wakati huo kumweleza mambo yote niliyoyaandika hapa, wala huhitaji kusema tena kwamba imebaki hospitalini. Unaweza kumjibu hivi: “Ninayo, mama. Ina mambo ambayo daktari anaweza kuyaeleza vizuri kuliko mimi. Ungependa tuisome pamoja, twende kwake pamoja, au ungependa mimi niibebe kwa sasa?” Kisha umsikilize, na jibu atakalokupa umpelekee baba mdogo na kaka yako kama lilivyo.

Mama Mshauri